Lifta au konrodi? Injini ya Lancer Evolution VIII inagonga ikishapata moto

Kaskazi_4G63 (Nairobi) anauliza:

Ndugu wanajukwaa, ninaomba msaada wa wale wanaoifahamu vyema injini ya 4G63 yenye tabo. Nina Lancer Evolution VIII ya mwaka 2003 ambayo mmiliki wa awali aliiongezea nguvu kwa kuiwekea kamshafti zinazonyanyua valvu juu zaidi na kwa muda mrefu zaidi, pamoja na springi ngumu za valvu, na wakati huo huo akaondoa zile shafti mbili za kupunguza mtetemo. Pistoni na konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na krankshafti) ni za kiwandani.

Asubuhi, hata siku za baridi za Julai, injini huwaka, hulia kwa sekunde chache, kisha hutulia kabisa. Geji ya joto ikishafika mahali pake na gari likasimama kwenye foleni kwa muda, mlio mkavu wa kugonga huanza sehemu ya juu ya injini. Ni mlio mwepesi na wenye mpangilio, nao huongeza kasi kadiri ninavyokanyaga mafuta, kisha hufifia nikikaribia mizunguko 3,000 kwa dakika. Nguvu haijapungua kwa namna ninayoweza kuihisi, ila sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inayumba kidogo. Taa ya oili haiwaki, na oili iliyomo ni 10W-40.

Gereji ya kwanza ilisikiliza kwa muda mfupi ikaamua kwamba beringi ya konrodi imekwisha na injini ishushwe. Fundi wa pili alisema ni tapeti tu, akanishauri nimimine dawa ya kusafishia injini na niendelee na safari zangu. Majibu hayo mawili yametofautiana mno kwa gharama na kwa hatari, na hakuna kati yao aliyepima chochote. Je, ipo njia ya kuthibitisha kwanza kabla ya kufungua injini? Na kama kweli ni lifta, yaani hizo tapeti zinazojirekebisha kwa oili, nitaijuaje iliyoharibika kati ya zote 16?

SpanaKumi (Mombasa) anajibu:

Ndugu Kaskazi, umefanya vyema kueleza mlio unaanza lini, kwa sababu hapo peke yake pana nusu ya jibu. Mlio unaokuwapo injini ikiwa baridi na kutoweka ikipata moto mara nyingi hutokana na manifoldi ya eksozi iliyopasuka au gasketi yake iliyopitisha, kwa kuwa chuma kikipanuka ufa hujifunga. Pistoni za kufuliwa zinazocheza ndani ya silinda nazo hutulia zikipata joto. Wako unakuja na joto. Hiyo inatuachia vitu ambavyo hutegemea unene wa oili, yaani lifta na beringi, na ndiyo maana mafundi wako wawili wamegawanyika pale pale.

Kabla ya vipimo, fahamu kitu chenyewe. Katika 4G63 lifta haikai moja kwa moja juu ya valvu. Roka ina ncha mbili: moja inakanyaga valvu, nyingine imeegemea lifta, na katikati yake kuna kigurudumu ambacho kamshafti inapita juu yake. Ndani ya lifta kuna kipistoni kidogo, springi, na kigololi kinachofunga njia ya oili. Kamshafti ikiwa upande wake wa duara, springi hukisukuma kipistoni juu hadi nafasi yote iishe, na oili huingia chini yake. Nundu ikianza kuisukuma roka, kigololi hufunga, oili hubaki imefungiwa, na lifta huwa kama kipande kimoja cha chuma. Kati ya kipistoni na mwili wake kuna uwazi wa mikroni chache tu. Kigololi kikizuiwa na uchafu, au uwazi ule ukiongezeka kwa kulika, oili hukimbia wakati ambapo ingepaswa kubaki, roka hupata nafasi, na hapo ndipo unasikia kugonga. Oili ya moto ni nyepesi, kwa hiyo hukimbia upesi zaidi, na zile springi ngumu ulizowekewa huikamua lifta dhaifu kwa nguvu kuliko springi za kiwandani.

Anza kwa kuhesabu. Kamshafti huzunguka nusu ya kasi ya krankshafti. Injini yako ikiwa kwenye sailensa ya 850, valvu moja hufunguka mara 425 kwa dakika, yaani takriban mara saba kwa sekunde, ilhali krankshafti huzunguka zaidi ya mara 14 kwa sekunde. Sikio haliwezi kuhesabu hivyo, lakini simu inaweza. Irekodi kwa sekunde 10 ukiwa umeishika karibu na tapeti kava (kifuniko cha juu ya valvu), fungua rekodi hiyo kwenye programu yoyote ya kuhariri sauti inayoonyesha mawimbi, kisha uhesabu vilele. Ukipata karibu na 70, kinachogonga kinatokea mara moja katika kila mizunguko miwili. Ukipata karibu na 140, elekeza macho chini ya injini. Wazee wetu walitumia taa ya kupimia taimingi kwa kazi hii, lakini kwenye Evo yako koili moja huchoma plagi mbili kwa pamoja, hivyo taa humweka katika kila mzunguko wa krankshafti, nayo itakupotosha usipolijua hilo.

Hesabu hiyo haitoshi kuihukumu lifta, kwa kuwa injekta na eksozi inayovuja navyo hutoa mlio kwa kasi ile ile ya nusu. Kwa hiyo fuata na kipimo cha pili: injini ikiwa ya moto na mlio ukiwapo, chomoa plagi ya umeme ya injekta moja, sikiliza, irudishe, kisha nenda kwenye inayofuata. Usichomoe koili, maana utazima silinda mbili na kumwaga petroli isiyowaka kwenye eksozi. Silinda isiyopata petroli haina mlipuko wa kuisukuma pistoni chini. Ikiwa tatizo ni konrodi, mlio utapungua waziwazi ukifika kwenye silinda yake. Ukitoweka kabisa, basi ni injekta yenyewe au ni eksozi. Usipobadilika hata kidogo kwenye silinda zote nne, umebaki na mfumo wa valvu.

Cha tatu, na mimi ningekiweka juu ya vyote kwa uzito, ni presha ya oili kwa geji ya mkono. Taa ya kwenye dashibodi huwaka pale ambapo hali tayari ni mbaya. Kutowaka kwake si ushahidi wa chochote. Fungua sensa ya oili karibu na filta, funga geji, ipashe injini moto hadi oili yenyewe ifike nyuzi 75 hadi 90, kisha usome. Kiwango cha chini kabisa kwenye sailensa ni kilopaskali 78, ambazo ni kama psi 11, na kanuni ya kawaida ya gereji ni kutarajia angalau psi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Presha ikiwa chini ya hapo, usiiguse lifta. Yenyewe inalia njaa tu. Kwa kuwa zile shafti mbili zimeondolewa, angalia pia upande wa pili, kwani oili iliyokuwa ikienda kwenye beringi zake haina pa kwenda tena na presha huweza kupanda kupita kiasi. Hapo lifta huvimba na kuizuia valvu isifunge kikamilifu kwenye mizunguko ya juu, nalo ni tatizo lisilo na mlio wowote, bali gari hukosa nguvu karibu na mstari mwekundu.

Ukishamaliza hayo matatu tuletee namba. Kufungua tapeti kava kutakuja baadaye.

Mbezi_RB25 (Dar es Salaam) anajibu:

Mkuu, mimi nina Skyline yenye RB25DET ya toleo la mwanzo, ambayo nayo hutumia lifta za haidroliki, tofauti na RB26DETT. Ilikuwa ikilia hivyo hivyo, nikabadilisha oili kutoka 10W-40 kwenda 20W-50, na kelele ikaisha siku hiyo hiyo. Kwa joto la hapa Dar oili nzito haina madhara. Jaribu hilo kwanza kabla ya kuingia kwenye gharama za kupima na kufungua.

SpanaKumi anajibu:

Ndugu Mbezi, siwezi kukataa kwamba kelele iliisha. Oili nzito hupita polepole kwenye uwazi uliolika, kwa hiyo lifta dhaifu hupata nafuu. Shaka yangu ni kwamba hiyo hiyo oili nzito hunyamazisha pia beringi ya konrodi iliyoanza kulegea, hivyo mtu asiyejua anaugua nini anakuwa amemeza dawa ya maumivu. Gari la Kaskazi lina swali ambalo halijajibiwa, nalo ni juu au chini. Tukilinyamazisha sasa tutalijibu siku konrodi itakapotokea ubavuni mwa bloku. Zaidi ya hayo, yeye yuko Nairobi, ambako asubuhi ya Julai si asubuhi ya Mbezi, na oili nzito ya baridi huchelewa kufika juu kwenye lifta na kwenye tabo.

Kuhusu dawa za kusafishia, nisemalo ni la uzoefu na si la kitabu. Zinaweza kusaidia pale ambapo kipistoni kimekwama kwa utando wa oili iliyoungua, na dalili ya hilo ni lifta inayolia ikiwa baridi na kupona polepole njiani. Yako haina dalili hiyo. Katika injini yenye uchafu mwingi, dawa kali hung'oa uchafu wote kwa pamoja na kuupeleka kwenye chujio la pampu, na kutoka hapo hakuna fundi anayeweza kukuahidi kitu.

Nakuru_Boksa anajibu:

Ninaongeza moja dogo kwa watakaosoma uzi huu baadaye wakiwa na magari mengine: hakikisheni kwanza kwamba injini yenu ina lifta za haidroliki. Evolution X ina injini ya 4B11T, ambayo haina kabisa, na Subaru EJ20 zenye tabo za mwanzo zilikuwa nazo kisha zikabadilishwa. Kwenye injini za namna hiyo nafasi ya valvu hupimwa kwa filagoji (vibamba vyembamba vya kupimia uwazi) na kurekebishwa kwa vipande, kwa hiyo kutafuta lifta iliyolala, yaani isiyoshika tena oili, ni kupoteza siku. Vilevile, Kaskazi, ile valvu ndogo ya umeme inayovuta mvuke wa tangi la petroli hugonga kama tapeti injini ikipata moto. Ishike kwa vidole. Ukiisikia inatetema sambamba na mlio, chomoa waya wake usikilize tena.

Bahari_V8 (Muscat) anajibu:

Assalaam alaikum. Mimi ninafanya kazi kwenye karakana inayohudumia zaidi V8 za Marekani, hasa za familia ya LS, nami ninataka kueleza mahali ambapo ushauri utakaousoma kwa Kiingereza hautakufaa, kwa sababu sehemu kubwa ya maandishi ya mtandaoni kuhusu lifta yanazungumzia injini hizo.

Katika V8 hizo kamshafti ni moja, imo ndani ya bloku, na lifta hukaa juu yake kisha husukuma fimbo ndefu hadi kwenye roka. Kigurudumu kimo kwenye lifta yenyewe. Kigurudumu hicho kikikwama, lifta huacha kuviringika na kuanza kuikwangua kamshafti, kwa hiyo lifta na kamshafti hufa pamoja, na ili kuitoa lifta ni lazima silinda hedi ifunguliwe. Kuna pia injini kama L99 ya Camaro SS yenye gia otomatiki, ambayo huzima silinda 1, 4, 6 na 7 ili kuokoa petroli, na lifta za silinda hizo zina kufuli ya ndani ambayo ina magonjwa yake ya pekee. Ukisoma kuhusu kubadilisha urefu wa fimbo ili kupata mgandamizo sahihi wa lifta, jua kwamba 4G63 haina fimbo hizo.

Lakini kuna jambo moja linalovuka mipaka ya injini zote. Kabla hatujafungua chochote, sisi hukata filta ya oili. Usitumie msumeno, kwa kuwa msumeno utaingiza chembe zake mwenyewe na kukuharibia ushahidi. Kuna kikata filta kinachozunguka kama cha kukatia mabomba. Toa karatasi, ikamue, itandaze juani, kisha pitisha sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Chembe zinazoshika kwenye sumaku ni za chuma, yaani kamshafti, kigurudumu au roka. Zinazong'aa lakini hazishiki, zenye rangi ya fedha au ya shaba, ni za beringi. Kwa mtu aliyeambiwa na gereji kwamba konrodi imekwisha, karatasi ile ni shahidi mzuri kuliko sikio la fundi yeyote, likiwamo langu.

Kaskazi_4G63 anajibu:

Ninawashukuru nyote. Nimefuata hatua zote kwa mpangilio, na matokeo ni haya.

Rekodi ya sekunde 10 imetoa vilele 71 vilivyo wazi, injini ikiwa kwenye 850. Kuchomoa injekta hakukubadilisha mlio kwenye silinda yoyote, ingawa injini ilitetema kila mara kama inavyotarajiwa. Valvu ya mvuke wa petroli haihusiki. Presha ya oili kwa geji ya mkono, injini ikiwa ya moto, ni psi 17 kwenye sailensa na psi 52 kwenye 3,000. Filta tuliikata kama alivyoeleza Bahari: hakuna chembe za rangi ya shaba wala fedha, na kwenye sumaku kulikuwa na vumbi jeusi laini tu, si vipande. Hata hivyo, ndani ya mikunjo ya karatasi tulikuta vijiuzi viwili vya kitu cha kijivu kinachovutika kama mpira, nami sikujua ni nini.

Kwa kusikiliza kupitia bisibisi refu lililowekwa kwenye boliti za tapeti kava, mlio ni mkali zaidi upande wa eksozi, kati ya silinda ya tatu na ya nne. Sasa nifungue? Na nikifungua, ninatafuta nini?

SpanaKumi anajibu:

Fungua. Konrodi imeshajitetea vya kutosha: kasi ni ya kamshafti, mlio hauujali mlipuko, presha ni nzuri, na karatasi haina beringi. Presha hiyo pia inatuonyesha kwamba oili inafika juu, kwa hiyo tunatafuta lifta moja au mbili zilizoharibika zenyewe, si ukame wa injini nzima. Kama ungekuwa ukame, au oili yenye povu kwa kujazwa kupita kiasi, ungesikia nyingi zikilia kwa pamoja.

Ifanye injini ikiwa bado na joto, muda mfupi baada ya kuizima, ili lifta ziwe hazijapata nafasi ya kutulia. Toa plagi zote ili injini izunguke kwa urahisi, na izungushe kwa spana kwenye puli ya krankshafti kufuata mwelekeo wake wa kawaida tu. Usiirudishe nyuma, usije ukaulegeza mkanda wa taimingi kwenye kikaza chake. Kwa kila roka, hakikisha nundu ya kamshafti imeangalia mbali nayo, kisha bonyeza ile ncha ya roka iliyoegemea lifta. Lifta nzima hukaa imara kama umebonyeza bloku. Iliyoharibika itashuka chini ya kidole chako kama sifongo, na itarudi juu kwa nguvu ya springi yake ndogo. Usitegemee moja peke yake. Pitia zote 16 ili kidole kijifunze tofauti.

Ukipata inayoshuka, angalia kigurudumu cha roka yake na nundu inayopita hapo. Pitisha ukucha juu ya nundu: ukisikia vishimo, lifta si tatizo pekee. Ukiwa na geji ya saa (kipimo cha mwendo mdogo chenye mshale), pima pia valvu hiyo inashuka kiasi gani ikilinganishwa na jirani yake wa silinda ile ile, kwa kuwa lifta iliyolala huiba sehemu ya mwendo wa valvu, na huenda hiyo ndiyo sababu ya sailensa yako kuyumba. Usishangae ukipima kompresheni na kuikuta sawa kwenye silinda zote. Lifta iliyolala huiacha valvu ifunge vizuri kabisa. Ni ile iliyovimba ndiyo hupoteza kompresheni.

Kuhusu vijiuzi vya kijivu, ninashuku ni gundi ya gasketi. Viweke, usivitupe.

Kaskazi_4G63 anajibu:

Imepatikana. Ni silinda ya tatu, valvu ya eksozi iliyo karibu na silinda ya nne. Tofauti na nyingine ilikuwa dhahiri hata kwa mtu asiye fundi, kwa kuwa roka ilishuka takriban milimita mbili kwa kidole kimoja tu. Jirani yake, pamoja na zote za upande wa hewa, hazikuyumba. Kamshafti na vigurudumu ni laini. Kwa geji ya saa valvu hiyo inashuka pungufu kuliko jirani yake.

Maswali yangu sasa ni mawili. Je, nibadilishe hiyo moja au zote 16, na lifta mpya inatayarishwaje kabla ya kuwekwa?

SpanaKumi anajibu:

Kabla ya kununua, ihukumu mezani. Toa kamshafti ya eksozi, chomoa lifta zote nane za upande huo, na uzipange kwenye trei ya mayai au ubao wenye matundu uliotiwa namba, maana kila moja imezoeana na tundu lake. Izamishe lifta ndani ya dizeli safi, tumia waya mwembamba kukisukuma kigololi polepole kupitia tundu la juu, huku ukikibonyeza kipistoni mara kadhaa hadi viputo vya hewa viishe. Ukitoa waya, bonyeza kwa nguvu: nzima haibonyei. Warsha zenye kifaa maalumu huendelea hadi kupima kasi ya kushuka kwa uzito uliowekwa, na kiwango cha 4G63 ni sekunde 4 hadi 20 kwa kila milimita moja, dizeli ikiwa kwenye nyuzi 15 hadi 20. Iliyo chini ya sekunde 4 haifai. Hata bila kifaa hicho, kuzilinganisha nane kwa mkono kutakupa jibu.

Kama saba nyingine zinapita, mimi ningebadilisha moja na kutunza fedha kwa ajili ya jambo nitakalolitaja hapa chini. Najua wengi hupenda kubadilisha zote kwa pamoja, na kwa injini iliyotembea sana bila kubadilishiwa oili kwa wakati wana hoja. Ukinunua, chukua toleo la baadaye lenye tundu kubwa la oili, kwa kuwa zile za 4G63 za mwanzo zilikuwa na tundu dogo na zilichelewa kutoa hewa.

Jambo lenyewe ni ile gundi. Ifungue lifta iliyokufa uone kilichomo kwenye kiti cha kigololi. Ukikuta kijiuzi cha kijivu, basi aliyeondoa shafti za mtetemo alipaka gundi nyingi mno kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) au kwenye kifuniko cha mbele, nayo ikafinyangwa kuelekea ndani. Filta huchuja oili inayopita ndani yake, lakini oili ikiwa nzito asubuhi, valvu ya kupitisha kando hufunguka na uchafu huenda juu bila kuchujwa. Kubadilisha lifta na kuiacha sampo kutakurudisha hapa.

Wakati wa kurudisha, pakia lifta zikiwa zimejaa, funga kamshafti kwa kukaza boliti za vifuniko hatua kwa hatua kutoka katikati kwenda nje, kisha uiache injini itulie kabla ya kuizungusha. Lifta iliyojaa huweza kuishikilia valvu wazi kwa muda, na katika 4G63 valvu na pistoni hugombea nafasi moja. Izungushe kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ukihisi kizuizi, simama na usubiri, usilazimishe. Alama za taimingi zithibitishwe mara ya pili baada ya mizunguko hiyo.

Ikiwaka italia, usiogope. Ipashe moto, kisha ipandishe polepole bila mzigo hadi 3,000 na kuirudisha kwenye sailensa, ukirudia mara 10 hadi 30, hewa iliyobaki ndani ya lifta itoke. Mlio usipobadilika baada ya mara 30, tafuta sababu nyingine.

Bahari_V8 anajibu:

Ninaunga mkono kuhusu sampo. Ukiishusha, usifute kwanza. Piga picha za chujio la pampu kama lilivyo, kwa sababu ndilo litakaloonyesha ni kiasi gani kimekwisha kupita na ni kiasi gani bado kinangoja. Kisha chunguza njia ya oili inayolisha tabo, maana bomba lake ni jembamba na tabo haina subira ya lifta.

Kaskazi_4G63 anajibu:

Lifta tumeifungua. Kijiuzi cha kijivu, chembamba kama uzi wa kushonea na kifupi kuliko punje ya mchele, kilikuwa kimelala chini ya kigololi. Lifta nyingine saba za eksozi zimepita jaribio la dizeli, kwa hiyo nimebadilisha hiyo moja. Kwenye chujio la pampu, gundi ilikuwa imefunika karibu robo ya wavu, hasa upande ulioelekea kwenye mshono wa sampo. Bomba la tabo lilikuwa safi.

Chujio limebadilishwa, sampo imesafishwa na kurudishwa kwa utepe mwembamba wa gundi ulioachwa ukauke kabla ya oili kuingia. Mlio wa mwanzo uliisha kabla sijamaliza kurudia kupandisha na kushusha mizunguko, na sasa injini ikiwa ya moto kwenye foleni ninazisikia injekta tu. Presha kwenye sailensa imepanda hadi psi 21. Oili hii nitaimwaga mapema na kuikata filta yake kabla ya kuamua muda wa kawaida wa kubadilisha, kisha nitaweka hapa picha za karatasi.

SpanaKumi anajibu:

Vizuri. Ukiikata, angalia zaidi upande wa nje wa mikunjo, ambako oili chafu huingilia, si upande wa ndani karibu na tundu la kutokea. Na lifta za upande wa hewa zisikilize kwa bisibisi kila unapobadilisha oili, kwa kuwa zenyewe hazikutolewa na hatujui zimebeba nini.